Mkopo badala ya buruse: hoja ya wahafidhina ikipimwa kwenye mwambao wa Tanganyika

Kijana wa Kigwena aliyefaulu mtihani wa taifa na kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Burundi alikuwa, kwa miongo mingi, akisafiri kwenda Bujumbura kama mgeni wa serikali. Alipokea kila mwezi fedha za kujikimu ambazo wanafunzi waliziita buruse, na hakuna aliyemtarajia kuzirudisha. Mwanzoni mwa mwaka 2017 amri ya Rais Pierre Nkurunziza iliubadilisha utaratibu huo. Fedha zile zikageuzwa kuwa mkopo, na mwanafunzi akatakiwa kutia saini mkataba kwamba atalipa baada ya kuhitimu.

Wanafunzi waligoma mwezi Machi mwaka huo. Baadhi ya viongozi wao walikamatwa, mgomo ukazimwa, na utaratibu mpya ukabaki. Hoja yao kuu ilikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote wa mwambao: utamlipaje mkopeshaji ikiwa ukimaliza masomo hakuna kazi inayokusubiri?

Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kwenye barabara ya kitaifa namba 3 inayofuata ziwa kuelekea Nyanza-Lac. Wageni huijua zaidi kwa msitu wake wa hifadhi, mojawapo ya misitu michache ya nyanda za chini iliyosalia nchini Burundi. Wenyeji wanaishi kwa michikichi, mihogo, ndagala na mukeke. Mawese yakikamuliwa yanauzwa kwa fedha taslimu, samaki vivyo hivyo, na kipato cha familia hupanda na kushuka kwa majira ya mavuno na kwa mwezi angani, kwa kuwa wavuvi wa taa hawaendi ziwani usiku wa mbalamwezi. Karatasi ya mshahara ni kitu cha mwalimu, muuguzi, askari na watumishi wengine wachache wa serikali. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana ndilo linaloamua kama mkopo wa elimu utalipika au la.

Amri ya 2017 haikubuniwa Burundi peke yake. Nyuma yake kuna hoja yenye umri wa zaidi ya nusu karne, ambayo watetezi wake wakubwa ni wahafidhina wa siasa za Marekani. Hoja hiyo inapaswa kusikilizwa kwa ukamilifu wake kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu nchi za Afrika Mashariki zilichukua sehemu yake moja na kuziacha nyingine.

Hoja ilikotoka

Mwaka 1955 mwanauchumi Milton Friedman aliandika insha kuhusu nafasi ya serikali katika elimu. Alisema kuwa elimu ya juu humwongezea mhitimu kipato, kwa hiyo si haki mlipa kodi asiyesoma amgharimie yule atakayempita kwa mapato. Hata hivyo, Friedman aliona tatizo ambalo wengi wanaomnukuu hulisahau. Mkopo wa kawaida haumfai mwanafunzi, kwa kuwa hana nyumba wala shamba la kuweka rehani, na hakuna ajuaye kama atafanikiwa. Alipendekeza kwamba anayetoa fedha apate sehemu ya kipato cha baadaye cha mhitimu: akifanikiwa sana mkopeshaji apate zaidi, akishindwa mkopeshaji apate hasara. Hatari iwe ya pande mbili.

Miongo kadhaa baadaye hoja ya mlipa kodi imepata msemaji asiyechoka katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Virginia Foxx, Mrepublican wa jimbo la North Carolina, aliingia bungeni mwaka 2005. Ameongoza kamati ya elimu na ajira mara mbili, kuanzia 2017 hadi 2019 na tena kuanzia 2023 hadi mwanzoni mwa 2025, kisha akapewa uenyekiti wa kamati ya kanuni. Alizaliwa mwaka 1943 na kukulia milimani katika umaskini. Mara nyingi husimulia kuwa alisoma chuo kikuu huku akifanya kazi, na kwamba shahada yake ya kwanza ilimchukua miaka saba, lakini alimaliza bila deni. Mwaka 2012 alisema katika mahojiano ya redio kuwa hana uvumilivu mkubwa kwa wahitimu wanaolalamikia madeni makubwa, kwa sababu haoni ulazima wa kuyachukua. Kauli hiyo ilimletea lawama nyingi, na wakosoaji walimkumbusha kuwa ada za miaka ya 1960 hazilingani hata kidogo na za leo.

Msimamo wake kuhusu msamaha wa madeni unatokana na simulizi hiyo. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000 za deni la mwanafunzi, na hadi 20,000 kwa waliosoma kwa ruzuku ya watu wa kipato cha chini. Foxx alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa mpango huo. Alidai kwamba deni halifutiki, linahamishiwa tu kwa fundi bomba na dereva wa lori ambao hawakukanyaga chuo. Juni 30, 2023 Mahakama ya Juu iliubatilisha mpango huo kwa kura sita dhidi ya tatu.

Lakini yumo pia Foxx mwingine, ambaye hutajwa mara chache. Mwaka 2017 aliwasilisha mswada mkubwa wa elimu ya juu ambao haukufika kupigiwa kura na Baraza zima. Mwaka 2024 kamati yake ilipitisha mswada mwingine uliotaka vyuo vyenyewe vibebe sehemu ya hasara pale wahitimu wao wanaposhindwa kulipa. Mantiki yake ni kwamba chuo kinachopokea ada na kuwatoa wanafunzi wasio na ujuzi unaouzika hakina budi kuonja uchungu wa deni lisilolipwa. Ni hoja ya kihafidhina, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizotoa. Pia ndiyo ambayo haijasikika Bujumbura, Dodoma wala Nairobi.

Benki, serikali na bei ya fedha

Kuhusu usimamizi wa sekta ya fedha, msimamo wa Foxx ni ule wa chama chake: mdhibiti akae mbali na bei. Mwaka 2010, baada ya mgogoro wa kifedha uliozitikisa benki za dunia, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dodd-Frank iliyoongeza masharti kwa benki na kuunda taasisi ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Katika kura ya mwisho ya Baraza la Wawakilishi ni Warepublican watatu tu walioiunga mkono, na Foxx hakuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo sheria nyingine iliziondoa benki binafsi katika mpango wa mikopo ya wanafunzi iliyodhaminiwa na serikali, na kuifanya serikali kuwa mkopeshaji wa moja kwa moja. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeipigia kura.

Kwa wahafidhina, hapo ndipo kosa lilipofanyika. Serikali haichunguzi kama mwanafunzi atalipa, inakopesha tu, na vyuo navyo vinapandisha ada kwa kujua kuwa fedha itakuja. Wapinzani wao hujibu kwamba katika mpango wa zamani benki zilipata faida huku hasara ikibebwa na serikali, jambo ambalo si soko huria hata kwa tafsiri ya mbali. Majibu hayo yote mawili yana ukweli ndani yake. Deni la wanafunzi la serikali kuu ya Marekani leo ni takriban dola trilioni 1.6, likiwa mabegani mwa watu zaidi ya milioni 40.

Julai 2025 sehemu kubwa ya matakwa ya wahafidhina iliingia katika sheria. Kuanzia Julai 1, 2026 mpango uliowaruhusu wanafunzi wa shahada za juu kukopa hadi gharama zote za masomo umefungwa kwa wakopaji wapya, na kikomo kimewekwa: dola 100,000 kwa shahada za uzamili na uzamivu, 200,000 kwa fani kama udaktari na sheria. Urejeshaji unaofuata kipato nao umebadilishwa, ukawa kati ya asilimia 1 na 10 ya mapato ya mkopaji.

Kenya: mbunge aliyeifunga riba

Iwapo Foxx ni sauti ya wanaotaka mdhibiti akae mbali, Afrika Mashariki ilipata sauti ya upande wa pili. Jude Njomo, mbunge wa Kiambu nchini Kenya, aliamini kwamba soko la mikopo limeshindwa. Benki zilikuwa zikitoza wastani wa takriban asilimia 18, faida zao zilikuwa kubwa, na kila Benki Kuu ilipopunguza riba yake ya msingi, benki za biashara zilijifanya hazikusikia.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 2000 Joe Donde, mbunge wa Gem, alipitisha bungeni sheria ya aina hiyo, ambayo ilikwama mahakamani. Safari hii mambo yalikwenda tofauti. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mswada wa Njomo Agosti 24, 2016, na sheria ikaanza kutumika Septemba 14. Riba ya mkopo haikuruhusiwa kuzidi riba ya msingi ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Riba ya msingi ilipokuwa asilimia 10, kwa hiyo, kikomo cha mkopo kilikuwa asilimia 14.

Wakopaji walishangilia, na kwa wale waliokuwa tayari na mikopo shangwe hizo zilikuwa na msingi. Kwa wengine hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Serikali ya Kenya ilikuwa ikikopa kwa dhamana za mwaka mmoja na kulipa takriban asilimia 11, bila hatari yoyote kwa benki. Meneja wa benki akiwa na uhakika wa asilimia 11 kwa serikali, kwa nini amkopeshe muuza mitumba kwa 14, huku akijua kuwa baadhi ya wauza mitumba hawatalipa? Pointi tatu hazikutosha kufidia hatari hiyo. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao kusema kweli ulikuwa umeanza kushuka kabla ya sheria, uliporomoka hadi chini ya asilimia 3 mwaka 2017.

Waliofungiwa mlango hawakuacha kukopa. Walihamia kwenye simu. Mkopo wa M-Shwari wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na kwa kuwa tozo hiyo iliitwa ada ya huduma badala ya riba, kikomo cha sheria hakikuigusa. Asilimia 7.5 kwa mwezi ni 90 kwa mwaka. Programu nyingine za simu zilitoza zaidi, na hazikuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2021.

Kikomo cha riba kiliondolewa Novemba 2019. Rais Kenyatta, yuleyule aliyekiweka, alikataa kusaini muswada wa fedha mpaka kifungu hicho kifutwe. Ili kumpinga zilihitajika kura za theluthi mbili ya wabunge, na idadi hiyo haikupatikana ukumbini. Mahesabu ya wahafidhina, ambao hawana chama chenye jina hilo nchini Kenya, yalionekana kuthibitika: ukiizuia bei bila kugusa hatari, mkopo unatoweka.

Jambo ambalo mjadala ule haukuligusa ni kwamba Kenya ilikuwa na mkopo mwingine wenye bei iliyopangwa, na huo haukutoweka. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, inayojulikana kama HELB na iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza wanafunzi asilimia 4 kwa mwaka. Haikomi kukopesha kwa sababu mkopeshaji ni serikali na fedha inatoka katika bajeti. Ukali wake uko mahali pengine. Mhitimu anatarajiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekawia hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kwa kijana ambaye bado anazunguka na bahasha ya vyeti, faini ya mwaka mmoja, yaani shilingi 60,000, inaweza kuzidi riba ya miaka kadhaa. Asilimia 4 iliyotangazwa haimwambii lolote kuhusu jambo hilo.

Tanzania: hesabu ya asilimia 15

Ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nyanza-Lac, Tanzania inatoa somo lililo wazi zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mhitimu aliyeajiriwa alikuwa akikatwa asilimia 8 ya mshahara wake wa msingi. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha sheria na makato yakapanda hadi asilimia 15. Pamoja nayo ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa anayechelewa kuanza kulipa.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayedaiwa shilingi milioni 10 na kulipwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Tozo ya kulinda thamani, katika mwaka wa kwanza, ni shilingi 600,000. Kwa makato ya asilimia 8, mwalimu huyo hulipa 48,000 kwa mwezi, sawa na 576,000 kwa mwaka. Analipa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka deni lake limeongezeka kwa shilingi 24,000. Kwa makato ya asilimia 15 hulipa 90,000 kwa mwezi, yaani 1,080,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake inaishia kwenye tozo. Ndiyo maana walimu walipokuwa wakitazama taarifa za madeni yao walidhani kuna hitilafu ya kompyuta. Hitilafu haikuwapo. Ilikuwa hesabu tu, na kila aliyepiga kura bungeni angeweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6, na baadaye adhabu ya asilimia 10 nayo iliondolewa. Makato ya asilimia 15 yalibaki. Waliojiajiri wanatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chao, au kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi.

Hapa ndipo ulinganifu na Washington unapoleta mshangao. Mswada wa Foxx wa 2017, ambao wapinzani wake waliuita wa kikatili, nao ulipendekeza makato ya asilimia 15 kwa wanaolipa kufuatana na kipato. Lakini zile 15 zilihesabiwa juu ya kipato kilichozidi asilimia 150 ya mstari wa umaskini. Fedha ya chakula, kodi ya nyumba na nauli iliwekwa kando kwanza, ndipo mkato ukaanza. Asilimia 15 ya Tanzania huanza kuhesabiwa kwenye shilingi ya kwanza ya mshahara wa msingi. Mbunge mhafidhina aliyesema hana uvumilivu kwa wadaiwa alimwachia mdaiwa wake nafasi ya kupumua ambayo haimo katika makato ya Tanzania. Haki inamtaka mtu aongeze kwamba sheria mpya ya Marekani ya 2025 imeipunguza nafasi hiyo, kwani sasa hata mwenye kipato kidogo kabisa hulipa angalau dola 10 kwa mwezi.

Burundi: deni bila karatasi ya mshahara

Turudi mwambao wa Rumonge. Eneo hili lilikuwa mkoa kuanzia 2015, na tangu mabadiliko ya mipaka ya 2025 limo katika mkoa mpya wa Burunga. Jina la mkoa limebadilika. Uchumi wa kaya haujabadilika. Zaidi ya Warundi wanane kati ya kumi wanategemea kilimo.

Mifumo yote iliyoelezwa hapo juu inasimama juu ya nguzo moja: mwajiri anayekata fedha kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi. Marekani ina mamlaka ya kodi inayojua kipato cha karibu kila mtu. Kenya na Tanzania zina waajiri rasmi wa kutosha kufanya makato yawe na maana, ingawa hata huko wengi huponyoka. Nchini Burundi mwajiri mkuu wa wahitimu ni serikali yenyewe. Kwa hiyo atakayelipa kwa uhakika ni mwalimu wa sekondari na muuguzi wa kituo cha afya, yaani wale wale walioajiriwa kwa mshahara mdogo na kubaki nchini. Mhitimu aliyefungua duka la simu Rumonge, aliyevuka kwenda Kigoma kutafuta maisha, au aliyerudi Kigwena kusimamia mashine ya baba yake ya kukamua mawese, hana wa kumkata. Friedman alitaka aliyefanikiwa zaidi alipe zaidi. Katika uchumi usio na karatasi za mshahara, anayelipa zaidi ni yule anayeonekana zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ni mfumuko wa bei. Mwaka 2023 bei nchini Burundi zilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 27, na Mei mwaka huohuo thamani rasmi ya faranga ilishushwa sana dhidi ya dola. Kwa mwanafunzi aliyeko chuoni hilo ni pigo la moja kwa moja: mkopo wa kujikimu umepangwa kwa faranga, na faranga hizo hazimfikishi mwisho wa mwezi. Kwa mhitimu mwenye deni lisilo na riba, mfumuko huo ni msamaha wa kimyakimya. Faranga 100 alizokopa, baada ya mwaka mmoja wa kiwango hicho, zina uwezo wa kununua wa kama faranga 79 za awali. Serikali inamnyima mwanafunzi akiwa na njaa, kisha inamwachia deni akiwa ameshahitimu. Mhafidhina angeuliza, na angekuwa na haki ya kuuliza, kama huo ni mkopo au ni ruzuku iliyovaa koti la mkopo. Dawa yake ingekuwa tozo ya kulinda thamani, na tumeona tozo hiyo ilimfanyia nini mwalimu wa Tanzania.

Jambo la tatu ni nani anayeamua. Njomo alisimama bungeni, akapingwa na mabenki, akashinda, na miaka mitatu baadaye akashindwa, yote hadharani. Makato ya asilimia 15 ya Tanzania yana tarehe, kifungu na majina ya waliochangia mjadala katika kumbukumbu za Bunge. Mageuzi ya Burundi yalikuja kwa amri ya rais. Mzazi wa Kigwena aliyetaka kujua mbunge wake alisemaje kuhusu makato, muda wa kusubiri au hali ya asiye na kazi hakuwa na mjadala wa kuurejelea. Wanafunzi waliojaribu kuuanzisha mjadala huo nje ya bunge walipata jibu la polisi.

Nje ya chuo kikuu, serikali imejaribu njia nyingine ya kuwafikishia vijana mikopo. Mwaka 2020 ilizinduliwa benki ya uwekezaji ya vijana, BIJE, kwa lengo la kuwakopesha wenye miradi bila kuwabana kwa masharti ya dhamana ya benki za kawaida. Vijijini, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vinavyoitwa COOPEC, vimekuwapo kwa miongo mingi na vinafahamika zaidi na mkulima wa michikichi kuliko benki yoyote ya Bujumbura. Vyote viko chini ya usimamizi wa Benki Kuu, BRB, ambayo mkono wake hauko mbali kama wahafidhina wangependa. Juni 2023 ilitangaza kwamba noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zitakoma kutumika baada ya siku kumi. Kwa mtu mwenye akaunti mjini lilikuwa jambo la foleni. Kwa mfanyabiashara wa mawese anayehifadhi mtaji wake nyumbani, kilomita nyingi kutoka kwenye tawi la benki, zilikuwa siku kumi za hofu.

Chama cha akiba cha kijijini kina kitu kimoja ambacho ofisi ya mikopo ya wanafunzi haina: kinamjua mkopaji. Kinajua shamba lake lina michikichi mingapi na mavuno yatakuja mwezi gani, na rejesho hupangwa kufuata hapo. Kwa mhitimu aliyerudi mwambaoni, rejesho linalofuata msimu wa mawese lingekuwa na maana zaidi kuliko kiwango cha kila mwezi kilichopangwa kwa kumfikiria karani wa wizara. Utaratibu wa namna hiyo unahitaji mkataba unaotaja mambo matatu kwa faranga na kwa tarehe: kipato ambacho chini yake hakuna makato, muda ambao mhitimu asiye na kazi hadaiwi, na mwaka ambao deni lililobaki linafutwa. Kijana anayeondoka Kigwena mwaka huu na sanduku lake juu ya basi la Bujumbura atawekewa mkataba mezani katika wiki zake za kwanza chuoni. Ana haki ya kuyatafuta mambo hayo matatu katika karatasi hiyo kabla ya kushika kalamu.